Kuficha makasha Dodoma: anzeni na ofisi ya kijiji

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya sekondari jijini Dodoma. Mwaka huu, pamoja na wanafunzi wa klabu yetu, nimeanza mchezo wa jiokeshingi, yaani kutafuta kwa GPS ya simu makasha madogo yaliyofichwa na wachezaji wengine, kusaini daftari lililomo na kulirudisha kasha mahali pake. Sasa tunataka kuficha ya kwetu: moja kwenye mawe ya kilima kilicho pembeni ya kijiji nje ya mji, jingine ndani ya mbuyu mkubwa ulio karibu na njia, na baadaye, tukipata usafiri, jingine huko Kondoa kwenye michoro ya miambani. Miongozo tuliyosoma inasisitiza kwamba mchezaji asionekane na wapita njia. Lakini tulipokwenda kukagua kile kilima, wachungaji walitusimamisha wakatuuliza tunachimba nini, kisha wazee wawili wakaja wakatutaka tuondoke. Tufanye nini ili tuendelee bila kukosana na watu?

Jibu: Mwalimu, asante kwa swali lako, na asante zaidi kwa kueleza yaliyotokea kilimani, kwa sababu wale wachungaji ndio waliokupa nusu ya jibu. Walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye kujali ardhi ya kijiji chake angefanya, na ushauri wangu wote unatokana na swali walilowauliza.

Desturi ya kutoonekana ina asili yake. Mchezo huu ulizaliwa Marekani mwaka 2000, siku chache tu baada ya serikali ya Rais Bill Clinton kuondoa, mwanzoni mwa Mei, upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukipunguza usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Tarehe 3 Mei mchezaji wa kwanza, Dave Ulmer, aliacha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza kwenye intaneti koodineti zake, yaani namba za GPS zinazoonyesha mahali ilipo. Katika njia za matembezi na bustani za umma za nchi kama ile, mpita njia hashangai kumwona mtu ameinama kwenye vichaka, na hatari kubwa ni moja tu, kwamba ataliona kasha na kuliondoa au kuliharibu. Kwa hiyo wachezaji wa huko walifundishana kusubiri watu wapite ndipo washike kasha, na huko ushauri huo ni wa busara.

Kwetu hali ni tofauti. Mgeni anayezunguka mawe ya kilima cha kijiji huku ameshika simu, akigeuka na kusimama ghafla mtu anapokaribia, haachi watu bila maelezo. Wanayo tayari, na yote ni mabaya. Maelezo ya kwanza ni ardhi. Tangu mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na kwa kasi kubwa zaidi tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016, wenyeji wa vijiji vinavyouzunguka mji wameshaona mara nyingi kwamba wanatangulia watu wenye vifaa vya kupimia, kisha zinafuata bikoni, na baada ya bikoni huja mazungumzo magumu kuhusu shamba ni la nani. Maelezo ya pili ni madini. Ya tatu, ambayo vijana wa mjini huyachukulia kama hadithi tu ilhali yana madhara halisi, ni imani kwamba Wajerumani waliacha mali zimefukiwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Imani hiyo imewafanya watu wachimbe hata kwenye maeneo ya michoro ya Kolo, wakaharibu tabaka za udongo ambazo wataalamu wa mambo ya kale wangezisoma kwa miaka mingi. Ya nne ni ushirikina, maana mtu anayeweka kitu kilichofungwa kwenye pango au kwenye mti, kisha akaondoka kimya kimya, anaweza kudhaniwa kuwa ameweka jambo baya dhidi ya wenye mji. Ukiyaweka hayo manne pamoja, utaona kwamba swali la "mnachimba nini" lilikuwa la kistaarabu.

Kwa hiyo kanuni yangu kwa Dodoma, na kwa Singida na Manyoni pia, ni kwamba kinachofichwa ni kasha, wala si mchezaji. Wenyeji wa mahali wajue kasha lipo, wajue lina nini ndani na ni la nani. Hilo haliharibu mchezo hata kidogo, kwa sababu anayelitafuta ni mchezaji anayetoka kwingine, naye bado atalazimika kutumia akili na macho yake. Mchungaji anayejua kwamba chini ya jiwe fulani kuna daftari la wanafunzi ni mlinzi wa kasha hilo kuliko kufuli lolote.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kwa hiyo kilima kisicho na shamba la mtu juu yake kisichukuliwe kuwa hakina mwenyewe. Nenda ofisi ya kijiji siku ya kazi, asubuhi, ukiwa na barua ya mkuu wa shule yenye mhuri, na ikiwezekana uwe na wanafunzi wawili waliovaa sare. Msisahau salamu, "mbukwenyi" moja iliyotamkwa kwa heshima mlangoni huwaambia wazee kwamba hamkuja kuwapita. Mtasaini kitabu cha wageni: tarehe, jina, mnakotoka, shughuli. Hapo kwenye shughuli usiandike "utafiti", maana neno hilo huzua maswali ya vibali vingine; andika "mchezo wa wanafunzi wa kutafuta kasha kwa ramani". Kisha lifungue kasha lenyewe mezani mbele ya mwenyekiti na mtendaji, toa daftari, toa penseli, toa vitu vidogo ambavyo wachezaji hubadilishana, na waache wavishike. Nimeona mashaka ya chumba kizima yakiisha pale mwenyekiti alipolifungua daftari tupu na kuambiwa kwamba ukurasa wa kwanza ni wa kijiji kusaini. Ndani ya mipaka ya jiji utaratibu ni huo huo kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa.

Ukiwa hapo uliza maswali mawili ambayo wachezaji wengi hawayaulizi. La kwanza: je, kilima hiki kina matumizi ambayo sisi hatuyajui? Vilima vingi vya Ugogo vina sehemu za matambiko, za kuombea mvua au za makaburi ya zamani, na mzee hatakueleza hilo usipomuuliza, ila atakasirika ukishapakanyaga. Yawezekana sana kwamba wale wazee wawili waliowaondoa walikuwa na sababu ya aina hii. Wakikuambia kwamba upande mmoja wa kilima haufai, usidai maelezo. Omba wakuonyeshe upande unaofaa. La pili: ni nani wanaochunga huko, na tunaweza kuongea nao? Vijana wale wa mifugo wako kilimani kila siku ya kiangazi, nao ndio watakaokutana na mgeni anayelitafuta kasha lako. Waonyesheni kasha, waacheni nao wasaini. Kuhusu fedha, msimamo wangu ni kwamba ruhusa isinunuliwe na watoto wasipewe pesa wala pipi ili waonyeshe kasha lilipo, kwa sababu mchezaji wa pili asiye na pesa atasumbuliwa kwa ajili ya ukarimu wenu.

Ninaomba mbuyu muuache kabisa. Najua unavutia, na najua miongozo ya nje imejaa picha za makasha kwenye miti yenye mashimo. Lakini mbuyu mkubwa ulio karibu na njia karibu kila mara una historia na watu, na uwazi uliomo ndani yake ni nyumba ya nyuki, ya popo au ya nyoka. Utazame kwa karibu: mara nyingi utaona vigingi vya mti vilivyopigiliwa kwenye shina kimoja juu ya kingine, vingine vikongwe kiasi kwamba gome limeanza kuvimeza. Hiyo ni ngazi ya watu wa kurina asali, nayo inakuambia mambo mawili kwa pamoja, kwamba kuna nyuki na kwamba kuna mwenyewe. Nyuki wetu wakichokozwa hufukuza mbali, na mwanafunzi aliye juu ya shina hana pa kukimbilia. Isitoshe, kanuni za mchezo zinakataza kuumiza mti kwa misumari au skurubu, na zinakataza pia kuchimba shimo ili kufukia kasha bila ruhusa ya mwenye ardhi. Katazo hili la pili lishikeni kwa nguvu zote, kwa maana mahali ambapo watu wanatafuta mali ya Mjerumani, shimo moja la jembe litawafanya wengine waje usiku kulipanua.

Mawe ya kilima, basi, ndiyo mahali panapofaa, ila na yenyewe yana masharti. Chagua pango dogo au mwanya ambao mtu anaona mwisho wake kwa macho kabla ya kuingiza mkono. Kifutu hulala kimya kwenye kivuli cha mawe na majani makavu na haondoki anaposikia hatua za mtu, na nge hupenda uvungu wa mawe yaliyolala bapa. Wafundishe wanafunzi kupapasa kwanza kwa fimbo, kuvaa viatu vilivyofunika mguu, na kutoingiza vidole chini ya jiwe wanapoligeuza. Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe, kiungo kisichezeshwe, apelekwe hospitali mara moja. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisifungwe kamba ya kukaza. Mwalimu anayetoka na watoto awe na usafiri wa uhakika wa kurudi, si ahadi ya bodaboda atakayepigiwa simu mahali ambapo huenda mtandao haupo.

Kuhusu chombo chenyewe, tatizo letu si lile la nchi za baridi. Wao wanapambana na unyevu mwaka mzima. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha miezi mingi ya jua kali, vumbi na mchwa. Kontena la plastiki laini la kuwekea chakula, likikaa kwenye jua kuanzia Mei, ifikapo Oktoba klipu zake zinakatika ukizigusa, na mpira wa mfuniko umekauka ukapasuka, hivyo mvua za kwanza zinaingia moja kwa moja kwenye daftari. Chagueni chombo kigumu chenye mfuniko wa kuzungusha, kama kopo imara la plastiki nene lenye mdomo mpana, kiwe cha kuonekana ndani, na kikae kivulini saa zote. Kisigusane na udongo. Mchwa wakishapata njia ya kuingia hawaachi karatasi. Ukilifungua kasha utakuta kichuguu chembamba cha matope kimefuata ukingo wa ndani na kurasa zimebaki mshono tu. Jiwe bapa chini yake linatosha kuwachelewesha, na ukaguzi wa kila baada ya miezi michache ndio unaowazuia. Daftari liandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu ya kawaida hufifia au kuvuja, ilhali penseli huandika hata kwenye karatasi yenye unyevu. Msiweke chakula kamwe, kwa sababu pimbi, nyani na sisimizi wana pua nzuri kuliko GPS yoyote. Msiweke dawa, viberiti, visu wala pombe. Mfuko wa plastiki wa kubebea, uliopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, usionekane kabisa kwenye vitu vyenu.

Nje ya kopo bandikeni maelezo kwa Kiswahili, yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: hili ni kasha la mchezo wa wanafunzi, halina kitu cha thamani, kijiji kinajua, tafadhali lirudishe; na namba ya simu ya shule. Maandishi ya Kiingereza peke yake hayamsaidii anayelikuta kwa bahati. Na kuna mahali ambapo hata maandishi hayo hayatawaokoa: karibu na Ikulu ya Chamwino, mji wa serikali Mtumba, viwanja vya Bunge, kambi za jeshi, reli ya zamani na ile ya kisasa, madaraja, na visima vya maji vya Makutupora. Kifurushi kisichojulikana mahali kama hapo ni suala la polisi, na wana haki kulichukulia hivyo. Viwanja vya shule za msingi na sekondari navyo mviache, hata cha kwenu.

Sasa koodineti, ambazo kwa mwalimu wa jiografia ndiyo sehemu tamu. Mchezo unatumia mfumo wa WGS 84, yaani ule wa dunia nzima unaotumiwa na GPS, katika digrii na dakika zenye desimali tatu. Tarakimu ile ya mwisho ina thamani ya chini kidogo ya mita mbili juu ya ardhi. Ramani za zamani za Tanzania za skeli ya 1:50,000, ambazo huenda mnazo shuleni, zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukichukua nukta kutoka kwenye ramani hiyo ukaiingiza kwenye simu bila kubadilisha mfumo, utakosea kwa mita mia tatu hivi. Hilo ni somo zuri la darasani, lakini ni koodineti mbaya ya kasha, maana litampeleka mtafutaji kwenye shamba la mtu. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea kwa mita tano hivi, na katikati ya majabali makubwa hukosea zaidi kwa kuwa mawe huzuia na kurudisha mawimbi. Iwekeni simu juu ya jiwe, isubiri itulie, andikeni kipimo. Rudini siku nyingine saa tofauti mpime tena, kisha mchukue wastani. Kama mawe yanasumbua sana, toeni kidokezo kilicho wazi, ili mtafutaji asilazimike kupekua kilima kizima na kuvuruga kila jiwe. Kumbukeni pia kwamba kasha jipya linatakiwa liwe mbali na jingine kwa mita 161 au zaidi.

Koodineti za kuegesha gari au baiskeli ni muhimu sawasawa na za kasha, na wengi hawaziandiki. Kati ya Januari na Mei mtama, uwele na karanga ziko shambani, na simu inayoonyesha mstari mnyoofu haijui shamba. Chagueni njia ya miguu inayotumiwa na wanakijiji, itajeni katika maelezo ya kasha mnayoweka kwenye intaneti, na andikeni kwamba mtafutaji apitie ofisi ya kijiji kwanza, au walau amsalimie balozi wa eneo hilo. Viwango vya ugumu wa kulitafuta kasha na wa njia, ambavyo huanzia 1 hadi 5, viandikeni kwa ukweli. Korongo lililo kavu Agosti linaweza kupitisha maji ya ghafla Januari, na hilo lisemwe.

Kondoa nimeiacha mwisho kwa sababu jibu lake ni hapana, na ningependa uelewe ni hapana ya aina gani. Michoro ya miambani ya Kondoa, yenye makao zaidi ya 150 ya miamba, imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2006, na inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Baadhi ya mapango yake bado yanatumiwa na wenyeji kwa matambiko. Kasha likiwekwa huko, hata mita thelathini kutoka kwenye mchoro, litawaleta watu wanaopekua nyufa, wanaoegemea kuta na kugusa rangi ambazo mafuta ya viganja huziharibu. Msiweke kasha, wala msichapishe koodineti za mapango yasiyo na mlinzi. Nendeni kama wageni, kupitia ofisi ya mambo ya kale ya Kolo, mkiongozwa na mwenyeji.

Lakini mchezo huu una aina nyingine, iliyoanza mwaka 2004, isiyo na kasha kabisa: mchezaji anafikishwa mahali penye funzo la jiolojia, anatazama, anajibu maswali na kutuma majibu kwa aliyeandaa. Kondoa imejaa mafunzo hayo nje ya eneo la michoro. Makorongo mekundu ya upande wa Haubi na Kolo ndiyo yaliyofanya serikali ianzishe mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililomomonyoka. Simameni ukingoni mwa korongo moja, mpime kina, mtazame mahali ambapo nyasi na miti imerudi na mahali ambapo bado udongo uko wazi, mtunge maswali ambayo hayajibiki bila kufika pale. Ruhusa ya kijiji bado inahitajika, lakini hakuna cha kuibiwa, cha kuoza, wala cha kushukiwa. Kwa klabu ya jiografia naona hii ni bora kuliko kasha lolote.

Jambo la mwisho ni la uangalizi, nalo lipatieni majibu kabla hamjaenda kwa mwenyekiti. Mwenye kasha anatakiwa alikague, amjibu anayeripoti kwamba amelikosa, na alitengeneze likiharibika. Wanafunzi huhitimu, na mwezi Juni na Desemba shule hufungwa. Mteue mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, si cha nne, na waandikeni majina yao kwenye barua ile ile ya ofisi ya kijiji. Siku mtakaposhindwa kuendelea, lifungeni kasha rasmi katika orodha ya mchezo, mpande kilimani mlichukue pamoja na mabaki yake, kisha mpitie ofisini kumwambia mtendaji kwamba halipo tena, ili mgeni atakayefika na koodineti za zamani ajibiwe hapo hapo.